Kuruka kwenda Marekani na haki zako mkononi: mwongozo wa jina, simu na sura

Kabla hujafunga begi, serikali ya Marekani imeshakusoma. Uwe umenunua tiketi ya moja kwa moja ya Kenya Airways kutoka Nairobi hadi New York, au unapitia Addis Ababa, Doha, Amsterdam ama Abu Dhabi, jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia vinatumwa kule kama saa 72 kabla ya safari. Kompyuta inavilinganisha na orodha za watu wanaotiliwa shaka, kisha inalijibu shirika la ndege: apewe pasi ya kupandia, apekuliwe zaidi, au asipande kabisa. Wewe huoni lolote katika hayo mpaka ufike kaunta, na dada aliyekuwa akikuchekea aanze kupiga simu.

Haya nimewaandikia raia wa Marekani wenye asili ya kwetu, wenye grini kadi, wanafunzi, na mama anayekwenda kumwona mjukuu Minnesota au Ohio. Mimi si wakili. Kama una kesi ya uhamiaji mahakamani au umeshaandikiwa amri ya kuondolewa nchini, mtafute wakili kwanza, mwongozo utausoma baadaye.

Kwanza, mjue unayezungumza naye

Uwanjani kuna idara mbili ambazo watu wetu huzichanganya sana. TSA, iliyoundwa Novemba 2001 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ndiyo inayokagua mwili na mizigo na kuendesha Secure Flight, ule mfumo wa kulinganisha majina. Maafisa wake wa kwenye mashine wamevaa mashati ya buluu, hawana bunduki na hawana mamlaka ya kukukamata; wakishindwana na wewe wataita polisi. Wakikuambia uwashe simu au kompyuta, wanataka kuona kama inawaka. Meseji zako si kazi yao.

CBP ni watu wa mpakani: forodha na uhamiaji. Sare yao ni ya buluu nyeusi, bunduki iko kiunoni, na mamlaka yao ni makubwa kuliko ya polisi wa mtaani, kwa sababu mahakama za Marekani tangu zamani zimekubali kwamba mpakani upekuzi wa kawaida hauhitaji kibali cha hakimu. Hao ndio wanaogonga pasipoti, wanaouliza maswali, na wanaoweza kuichukua simu yako. Na ukipitia Abu Dhabi usishangae kuwakuta hukohuko: tangu 2014 abiria wa Marekani hukaguliwa na CBP ndani ya uwanja ule, kabla ya kupanda ndege.

Haki zako mbele ya CBP zinategemea karatasi uliyoshika. Raia wa Marekani hawezi kuzuiwa kuingia nchini kwake. Anaweza kucheleweshwa na kuulizwa maswali mpaka achoke, lakini mwisho ataingia. Mwenye grini kadi ana ulinzi mkubwa, na kwa kawaida hanyang'anywi ukaazi wake bila kufika mbele ya jaji wa uhamiaji. Mwenye viza anaweza kurudishwa na ndege inayofuata. Hatua zote zinazofuata zisome ukijua wewe uko kundi lipi.

Hatua ya 1: Nyoosha jina kabla ya kulipa

Hapa nitakaa kidogo, maana usumbufu mwingi ninaousikia kwa watu wetu unaanzia kwenye jina.

Sisi tunaitwa kwa jina letu, la baba na la babu: Juma Salum Hamisi. Mfumo wa Marekani unataka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Kwa hiyo babu anageuka kuwa ukoo, na baba mzazi, ambaye ni Salum Hamisi Bakari, anaonekana hana undugu na mwanawe wa kumzaa. Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa. Afisa hajui mpangilio wetu wa majina na hana sababu ya kukuamini kwa mdomo tu.

Kisha kuna tahajia. Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamedi kwetu ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni wanne. Au kinyume chake, na hapo ndipo pabaya: watu wanne tofauti wanaweza kuonekana kuwa mtu mmoja. Waliozaliwa vitani au waliopitia kambi kama Nyarugusu, Kakuma na Dadaab wana mzigo wa ziada. Wengi waliandikiwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa sababu cheti hakikuwepo. Jina la kawaida, tarehe inayofanana na ya maelfu ya wengine: hapo mashine haina njia ya kukutofautisha na mwenzako anayetafutwa.

Orodha zenyewe zimevimba kupita kiasi. Siku ya mashambulizi ya 2001, watu waliokuwa wamepigwa marufuku kupanda ndege walikuwa 16. Januari 2023 mdukuzi mmoja wa Uswisi alikuta nakala ya 2019 ya orodha hiyo imeachwa wazi kwenye seva ya shirika dogo la ndege la Marekani, CommuteAir. Ilikuwa na mistari zaidi ya milioni 1.5, mingi ikiwa ni mtu yuleyule kwa tahajia na majina tofauti. Na usidhani ni majina ya Kiislamu peke yake yanayonaswa. Mwaka 2004 Seneta Edward Kennedy, mtu ambaye Marekani nzima iliijua sura yake, aliieleza kamati ya Baraza la Seneti jinsi alivyozuiwa kaunta mara kwa mara kwa sababu jina lililofanana na lake lilikuwa kwenye orodha. Yeye aliweza kumpigia simu waziri. Wewe na mimi tunajaza fomu.

Fanya hivi. Fungua pasipoti, soma jina kwenye ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za mshale, na umpe wakala wa tiketi jina hilohilo, herufi kwa herufi. Usikubali akuambie "hilo la katikati tuache tu". Viza, tiketi na kadi ya kukusanya maili za shirika la ndege vyote vilingane. Kama pasipoti yako ina jina moja tu, viza ya Marekani itaandika FNU, yaani "jina la kwanza halijulikani", mahali pa jina la kwanza. Hayo si makosa, na tiketi nayo ifuate vivyo hivyo. Ukishalipa, omba uthibitisho wa safari kwa barua pepe au WhatsApp, uusome wewe mwenyewe. Kurekebisha herufi moja leo ni simu moja. Kuirekebisha ukiwa kaunta saa sita usiku ni jambo jingine.

Hatua ya 2: Jua tiketi inasema nini juu yako

Mbali na jina, kila safari ina faili lake kwenye kompyuta za mashirika ya ndege, linaloitwa PNR. Ndani yake mna namba ya simu uliyoacha, barua pepe, aliyelipa na njia aliyolipia, wakala, kiti, uzito wa mizigo, unaosafiri nao, na mara nyingine chakula ulichoagiza. Ukiomba chakula cha Kiislamu ndani ya ndege, herufi za MOML zinaingia humo. Kwa hiyo faili la safari linaweza kutaja dini yako bila wewe kuulizwa.

CBP hupokea mafaili hayo na kuyapitisha kwenye mfumo wake wa kupima abiria, ambao umma wa Marekani ulikuja kuufahamu vizuri mwishoni mwa 2006. Kwa mkataba wa 2012 na Umoja wa Ulaya, data za safari kati ya Ulaya na Marekani hukaa miaka 5 mahali pa kufikiwa, kisha hadi miaka 10 kwenye hifadhi ya nyuma. Ulaya nayo ina yake: sheria ya 2016 inakusanya PNR za wanaoingia na kutoka, ingawa Mahakama ya Haki ya Ulaya iliibana Juni 2022. Na tangu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopitisha azimio namba 2396 mwaka 2017, kila nchi mwanachama inatakiwa kujenga uwezo wa kufanya hivyohivyo. Nchi zetu nazo ni wanachama.

Huwezi kujitoa kwenye PNR. Unachoweza ni kupunguza yasiyo ya lazima. Weka namba yako mwenyewe badala ya ya wakala anayehudumia nusu ya mtaa. Kama binamu aliye Dubai ndiye aliyelipa kwa kadi yake, uwe na jibu tayari, maana swali la "huyu ni nani kwako?" linaweza kuja. Na tafadhali, acheni kuweka picha ya pasi ya kupandia kwenye status ya WhatsApp. Ule msimbo wa herufi sita pamoja na jina lako la mwisho vinatosha kumfungulia mtu yeyote safari yako yote, hata kuifuta.

Safari za ndani ya Marekani zina hatari yake mpya. Mwaka 2025 ilifichuka kwamba kampuni ya ARC, inayomilikiwa na mashirika makubwa ya ndege ya nchi hiyo, ilikuwa ikiiuzia serikali data za tiketi za ndani. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaandikwa kwamba TSA inaipa ICE, idara inayokamata wahamiaji, majina ya abiria. Mtu mwenye amri ya kuondolewa nchini anayejiambia "ni safari ya saa moja tu, sivuki mpaka" aongee na wakili kabla ya kununua tiketi hiyo.

Hatua ya 3: Simu, usiku wa kabla ya safari

Katika mwaka wa fedha wa 2024 CBP ilipekua vifaa vya kielektroniki zaidi ya 47,000. Ukilinganisha na mamilioni wanaoingia ni tone, lakini ukiwa wewe ndiye tone hilo, hesabu haikufariji.

Sheria imekaa hivi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya juu kabisa nchini humo, iliamua kwamba polisi hawawezi kupekua simu ya mtu waliyemkamata bila kibali cha hakimu. Uamuzi huo haukugusa mpaka. Mahakama ya rufaa iliyoko Boston ilisema mwaka 2021 kwamba mpakani kibali hakihitajiki; ile ya majimbo ya magharibi ilikuwa imesema mwaka 2019 kwamba afisa anaweza kutafuta vitu haramu vilivyomo ndani ya simu yenyewe, asigeuze upekuzi kuwa wa kusaka ushahidi wa makosa mengine. Maana yake, haki yako inabadilika kidogo kulingana na kama ndege imetua Boston au Los Angeles. Hilo halina mantiki kwangu, lakini ndivyo lilivyo.

Kanuni ya ndani ya CBP ya Januari 2018 inagawa upekuzi mara mbili. Wa kawaida: afisa anashika simu na kuiperuzi kwa kidole. Wa kina: anaiunganisha na mashine na kunakili yaliyomo, huo unahitaji sababu ya msingi ya kushuku au suala la usalama wa taifa, pamoja na idhini ya mkubwa wake. Kwa vyovyote, afisa anatakiwa kuangalia kilichohifadhiwa ndani ya simu tu, na intaneti iwe imezimwa. Vilivyoko mtandaoni haviko ndani ya ruhusa yake.

Kwa hiyo, usiku wa kabla ya safari:

Hamisha picha na mafaili usiyoyahitaji njiani, uyahifadhi nyumbani au mtandaoni, kisha uyatoe kwenye simu. Ondoka pia kwenye akaunti ambazo huzihitaji uwanjani. Magrupu ya WhatsApp yaangalie hasa. Grupu la harusi lenye watu 200, ambapo mtu usiyemjua anarusha video za vita kila asubuhi, na simu yako imewekwa kupakua kila kitu: video hizo zimo kwenye galari yako, na afisa ataziona kama zako. Zima upakuaji wa moja kwa moja, safisha galari.

Haya yafanyie nyumbani, si kwenye foleni. Mtu anayefutafuta simu mbele ya kamera za uwanja anajitafutia maswali. Wala usiifute ikawa tupu kama imetoka dukani. Nayo inauliza swali lake.

Weka namba ya siri ndefu. Ndege ikianza kushuka, zima simu kabisa. Simu iliyozimwa ikiwashwa inadai namba ya siri kwanza. Uso au kidole havitaifungua.

Ukiombwa namba ya siri, jibu lako linatokana na karatasi yako. Raia anaweza kukataa kwa adabu. Simu inaweza kubaki nao, kwa kawaida isizidi siku tano ingawa hurefushwa, lakini yeye ataingia. Mwenye grini kadi naye anaweza kukataa, ila ategemee maswali marefu. Mwenye viza akikataa anaweza kurudishwa, na mimi siwezi kumwambia mwanafunzi aliyeuza shamba la familia kupata ada ajaribu bahati yake hapo. Aisafishe simu kabla, akiombwa aifungue mwenyewe, bila kuitaja namba kwa sauti. Akilazimika kuitaja, aibadilishe siku hiyohiyo. Anayebeba siri za wengine, kama wakili, daktari au mwandishi wa habari, aseme hivyo mapema, kwa sababu kanuni ina utaratibu wake kwa mambo hayo.

Wakiichukua simu, usiondoke bila stakabadhi. Inaitwa fomu 6051D. Andika jina la afisa na namba ya beji yake.

Na kuna mtego mmoja zaidi wa kabla ya safari. Tangu 2019 fomu ya viza inauliza majina yako ya mitandao ya kijamii ya miaka mitano iliyopita. Ulichojaza kilingane na kilichomo kwenye simu. Kumdanganya afisa wa serikali ya Marekani ni kosa la jinai lenyewe, hata kama ulichoficha hakikuwa kosa.

Hatua ya 4: Herufi nne za S

Ukishindwa kujisajili mtandaoni ukiwa nyumbani, na mashine ya uwanjani nayo ikakuambia nenda kaunta, jiandae. Pasi ya kupandia ikichapwa, angalia pembeni: SSSS. Maana yake umeteuliwa kwa upekuzi wa ziada. Inaweza kuwa bahati nasibu, inaweza kuwa njia ya safari isiyo ya kawaida, inaweza kuwa jina. Hakuna atakayekuambia ni lipi, na mfanyakazi wa kaunta mara nyingi hajui. Kumfokea ni kupoteza pumzi.

Fika mapema kuliko ulivyopanga. Watafungua kila begi, watafuta mikono na vifaa vyako kwa kitambaa kinachopimwa kama kina mabaki ya baruti, watakupapasa mwili. Ukiruka kutoka kwetu au kutoka Ghuba, mara nyingi hili hufanyika karibu na lango la ndege, wenzako wakitazama. Una haki ya kuomba chumba cha faragha na mtu wako awepo, na anayekupapasa awe wa jinsia yako. Dada wa hijabu anaweza kudai ukaguzi wa kichwa ufanywe na mwanamke, faraghani. Jifunze sentensi hizo kwa Kiingereza kabla ya kuondoka. Bibi asiyejua Kiingereza aandikiwe kwenye karatasi.

Mara moja moja si tatizo. Ikikutokea safari baada ya safari, ruka hadi Hatua ya 7.

Ndani ya ndege nako kulikuwa na macho. Mwaka 2018 gazeti la Boston Globe lilifichua mpango wa Quiet Skies, ambapo walinzi wenye silaha waliovaa kiraia walifuatana na abiria wasioshukiwa kosa lolote, wakiandika kama amelala, ameenda chooni, ametokwa jasho. Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza kuufunga Juni 2025. Kabla ya huo TSA ilikuwa na maafisa wa kusoma nyuso za watu kwenye foleni, na mwaka 2013 wakaguzi wa Bunge wakapendekeza fedha za mpango huo zipunguzwe kwa kukosa ushahidi kwamba unafanya kazi. Ninataja haya kwa sababu ya ndugu zetu wanaotetemeka mbele ya afisa yeyote mwenye sare. Hofu si kosa. Jibu swali lililoulizwa, fupi, kisha nyamaza.

Hatua ya 5: Sura

Kwenye mashine za TSA, kupigwa picha ya sura ni hiari kwa kila abiria. Simama pembeni ya kamera, toa kitambulisho, sema unaomba ukaguzi wa kawaida wa kitambulisho. Kuna bango linaloeleza hivyo, dogo, mara nyingi mahali ambapo macho hayafiki.

Mpakani ni tofauti. Raia wa Marekani anaweza kukataa picha na kuomba pasipoti yake ikaguliwe kwa mkono. Akipigwa, CBP inasema picha yake hufutwa ndani ya saa 12. Asiye raia, hata mwenye grini kadi, kanuni iliyoanza 26 Desemba 2025 inamtaka apigwe picha anapoingia na anapotoka, na picha hiyo inaweza kuhifadhiwa miaka 75. Mtoto wa Kitanzania anayepigwa picha leo, faili lake litakuwa hai akiwa kizee.

Hatua ya 6: Chumba cha pili

Ukiambiwa "nifuate", chukua pasipoti na mzigo wa mkononi, na umtumie ujumbe anayekupokea kabla hujaambiwa uweke simu chini. Mle ndani:

Omba mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza chako ni cha sokoni tu. Usikubali kuelewa nusu nusu, kwa sababu majibu yako yanaandikwa, na utasomewa tena miaka mitano baadaye ukiomba uraia.

Wakili huwezi kudai wakati wa maswali ya kawaida ya uhamiaji. Ukiambiwa unachunguzwa kwa jinai, mambo yamebadilika: sema unataka wakili, usiendelee kujibu.

Mwenye grini kadi akipewa fomu I-407, asisaini. Hiyo ni karatasi ya kujivua ukaazi kwa hiari. Aseme anataka kufika mbele ya jaji. Wazee wetu waliokaa Mombasa au Unguja miezi mingi kwa ugonjwa au msiba ndio wanaobanwa zaidi na fomu hii, na wengi husaini kwa heshima tu, wakidhani ni ya kupokelea mizigo.

Asiye raia akiwekwa kizuizini anaweza kudai ubalozi wake ujulishwe. Ni haki iliyomo kwenye Mkataba wa Vienna wa 1963.

Wakati mwingine anaingia mtu wa FBI, mpole, anataka "kuzungumza kidogo" juu ya msikiti wenu au vijana wa mtaani. Huna wajibu wa kumjibu. Waislamu kadhaa wa Marekani waliokataa kuwa wapelelezi dhidi ya wenzao walidai kwamba waliwekwa kwenye orodha ya wasioruka kwa kukataa huko. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwa kauli moja kwamba watu wa aina hiyo wanaweza kuwadai maafisa wenyewe fidia ya fedha.

Hatua ya 7: Ukitoka, andika

Andika siku hiyohiyo: tarehe, uwanja, namba ya ndege, saa uliyoingia na uliyotoka, majina ya maafisa, maswali waliyouliza, walichogusa. Piga picha pasi yenye SSSS na stakabadhi zote.

Kisha jaza DHS TRIP, fomu ya mtandaoni ya malalamiko ya wasafiri iliyoanza 2007. Ni bure, anayekutoza dola hamsini "kukufuta kwenye orodha" ni tapeli. Ambatanisha pasipoti. Utapewa namba ya kudumu, na hiyo namba ndiyo faida kubwa ya fomu yote: mpe wakala aiingize kwenye kila tiketi, ili kompyuta ijue wewe si yule mwingine mnayefanana jina. Barua ya majibu itakuwa ya mafumbo. Hata hivyo raia na wenye grini kadi waliozuiwa kupanda siku hizi wanaweza kuambiwa kama wamo kwenye orodha ya wasioruka, baada ya jaji wa Oregon kuamua Juni 2014 kwamba utaratibu wa zamani ulivunja katiba.

Kwa nini ujisumbue na karatasi? Msikilize Rahinah Ibrahim. Januari 2005 mwanamama huyu wa Malaysia, mwanafunzi wa uzamivu pale Stanford, alifika uwanja wa San Francisco na binti yake wa miaka 14, akihitaji kiti cha magurudumu kwa sababu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji. Alifungwa pingu. Akaachiwa akaruka siku ya pili yake, kisha viza yake ikafutwa. Alishtaki. Serikali ikasema ni siri ya taifa, miaka ikapita, na Desemba 2013 kesi ikasikilizwa bila yeye kuruhusiwa kuingia nchini. Januari mwaka uliofuata Jaji William Alsup akaeleza kilichotokea: Novemba 2004 afisa wa FBI alikuwa amejaza fomu, na maelekezo yake yalimtaka aweke alama kwenye orodha ambazo mtu *hatakiwi* kuingizwa. Yeye akaweka kinyume. Ni hivyo tu. Miaka minane ya mahakama kugundua alama iliyowekwa kwenye kisanduku kisicho chake.

Kwa hiyo omba mafaili yako. Sheria ya Marekani ya uhuru wa taarifa inamruhusu mtu yeyote, hata asiye raia, kuiomba CBP kumbukumbu zake kwa njia ya mtandao. Usiandike "nataka faili langu" ukaachia hapo. Taja kwa majina: PNR, APIS (taarifa za pasipoti ambazo shirika la ndege hutuma), TECS (kumbukumbu za maafisa wa mpakani), ATS (ule mfumo wa kupima abiria), kumbukumbu za kuingia na kutoka, na maelezo ya upekuzi wa tarehe fulani kwenye uwanja fulani. Weka tahajia zote za jina lako na namba za pasipoti za zamani. Kisheria wana siku 20 za kazi. Kwa kawaida huchukua zaidi. Wakati ukisubiri, asiye raia anaweza kuona bure historia yake ya kuingia na kutoka ya miaka 10 kwenye tovuti ya I-94. Kagua kama kila safari ya kutoka imeandikwa, maana kutoka kusikoandikwa kunaonekana kama umezidisha muda wa viza.

Majibu yakija, kurasa nyingi zitakuwa na wino mweusi. Soma zilizobaki: tafuta tahajia ngeni, tarehe isiyo yako, namba ya simu usiyoijua. Ukiipata, irudishe TRIP kwa namba yako ileile ukionyesha ukurasa. Usumbufu ukiendelea baada ya hapo, bunda lote lipeleke ACLU, shirika la kutetea haki za raia, CAIR, linalotetea Waislamu wa Marekani, au kliniki ya CLEAR ya chuo cha sheria cha CUNY, New York, ambao kesi za aina hii wamezizoea. Na serikali ikikutoa kwenye orodha ghafla ili kesi yako ife, wakumbushe wakili na jaji juu ya Yonas Fikre wa Portland: Machi 2024 Mahakama Kuu ilikataa kwa kauli moja kesi yake ifungwe kwa ujanja huo, kwa sababu FBI haikuwa imeonyesha kwamba haitamrudisha tena.